Herufi Pembeni mwa Dama

Kidole chake ndicho kilichozigundua. Fundi cherehani alikuwa akipanga kete za dama mezani, kama alivyofanya kila jioni tangu aoe, alipopapasa ukingo wa ubao na kukuta umechimbwa. Upande wa mbele kulikuwa na herufi, A hadi H. Ubavuni kulikuwa na nambari, moja hadi nane.

"Nani kauchokonoa ubao wangu?"

"Jirani seremala," mkewe akajibu huku akimimina chai. "Nilimwomba mimi. Mbao za kisasa zote ziko hivyo."

"Za kisasa wanapaka rangi. Huyu kachimba kama anatafuta maji."

"Rangi hufutika, baba watoto. Haya, sogeza kete, usitafute visingizio."

Alisogeza, akafungwa, akaenda kulala. Miaka yote hiyo walikuwa wamecheza bila herufi hata moja, na hakuna aliyepotea njia. Tena seremala mwenyewe alikuwa mjane, mrefu, mwepesi wa kucheka, na mkewe alimwita "shemeji" kwa sauti ya kubembeleza. Shemeji! Udugu huo ulianza lini?

Kesho yake mwalimu wa hesabu, mchezaji wa dama wa klabu, alipita dukani kuchukua suruali yake. Fundi akamuuliza, kana kwamba anapiga soga tu, zile herufi zina kazi gani.

"Kila mraba unapata jina lake," mwalimu akasema. "Herufi zinaanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, nambari zinapanda kumwelekea mwenzake. Ukisema C tatu kwenda D nne, hapana ubishi."

"Lakini watu wawili wakiwa meza moja, majina ya nini?"

"Hapo hayana kazi. Yanamfaa yule asiyeuona ubao. Yuko mbali, tuseme, mnacheza kwa simu."

Mwalimu akaondoka na suruali yake, akamwachia mwenzake mwiba. Kumbe herufi ni za mtu ambaye hayupo mezani! Sasa mkewe alikuwa akicheza na nani, kama si yule wa nyuma ya ukuta? Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa nguo alipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jioni ile seremala akamsimamisha njiani. "Jirani, jana nilikupungia mkono hapa hapa, ukanipita kama umepita nguzo. Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa na haraka," fundi akamjibu, akaendelea na safari yake. Mwenye hatia, alijisemea, ndiye anayewahi kuuliza kama kuna kosa.

"Umechelewa," mkewe akamwambia alipoingia. "Ulikuwa wapi?"

"Natafuta vitambaa. Kwani siku hizi natoa ripoti?"

Mkewe akarudi kwenye sufuria zake. Lakini siku zilizofuata fundi alitega sikio, na alichokisikia kilimkata maini. Mkewe akichambua mchele alikuwa akinong'ona: E tatu, F nne, G tano. Akifua, hivyo hivyo. Wakati mwingine alikosea, akacheka peke yake, kicheko cha mtu mwenye jambo lake tamu.

Wivu ulimtafuna fundi mpaka chakula kikawa hakishuki. Aibu ya mtaa haikumtisha. Watu husema na huchoka. Alichokiogopa ni kuachwa, na kuachwa sasa, hasa sasa, akabaki na nyumba kimya na kiti kitupu mbele yake. Mwanamke yule alikuwa ndiye maisha yake, na hakuwahi kumwambia.

Siku moja alikata mguu wa suruali ya mteja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Akaulaumu mkasi, akalaumu na taa ya duka, kisha akafunga mapema na kurudi nyumbani. Kufika mlangoni akasikia sauti ndani.

"C tatu kwenda D nne," mkewe alisema.

"D sita kwenda C tano," sauti ya kiume ikajibu. "Polepole, shemeji, usinikimbize."

Wakacheka wote wawili.

Fundi akausukuma mlango, akajikwaa kwenye kigoda, akakitukana kigoda, akasonga mbele. Seremala alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, vidole vyake virefu vikitambaa juu ya ubao wa mwenye nyumba. Wala hakugeuka kumtazama. Ama kweli dharau ina viwango!

"Nyanyuka kitini mwangu!" fundi akafoka. "Na wewe, mwanamke, leo utanieleza. Umeanza lini kunificha mambo?"

"Jirani, ngoja kwanza…"

"Sijasema nawe!"

Akamvaa, akamkunja shati, wakawa pua kwa pua. Ndipo alipokiona kitambaa cheusi ambacho seremala alikuwa amejifunga machoni.

"Mnacheza michezo ya watoto nyumbani kwangu?"

Seremala alikifungua kitambaa taratibu, akakiweka mezani, akatoka nje.

Mkewe hakupandisha sauti. Alimsogelea, akamshika mkono.

"Ulipoanza kutoka kwa kujificha, nilidhani una mwanamke, nikakufuata," akasema. "Nilisimama nje ya dirisha la daktari wa macho, mume wangu, nikasikia yote."