Kitanda cha Clotilda

Jumatatu tarehe 23 Agosti 1954, saa tatu asubuhi, walimtoa mke wangu Clotilda kitandani katika zahanati yetu huku Kimwani, wakamlaza mkekani nyuma ya jiko. Homa yake ilikuwa imeingia siku ya nne.

"Saa moja tu, mzee," mganga aliniambia. "Wageni wa Umoja wa Mataifa wasikute wagonjwa wamejazana."

Wageni walikuja pamoja na watu wa shirika la afya la dunia, eti watazame namna ya kushirikiana kuiinua Tanganyika. Wakakuta vitanda vitupu na mashuka yenye mikunjo ya dukani. Wakaandika.

Mimi nilipewa kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kumtafunisha mgeni. Kwetu humwelezi mgeni shida zako kabla hajatafuna.

Mkubwa wao akasimama mbele yangu. Mkalimani akaniita baba kwa lugha yetu: "Tata, anauliza kama mna shida yoyote."

Nikamnyooshea kikapu. Akachukua punje tatu, akatabasamu, akazitia mfukoni.

Nikangoja atafune. Mkalimani, Mhaya mwenzangu, alijua nangoja nini. Akanitazama, kisha akamjibu yule bwana kwa Kiingereza, neno moja tu. Bwana akaandika, wakapanda gari.

Nilipofika nyuma ya jiko, Clotilda alikuwa amekata roho, kanga yake imekunjwa chini ya kichwa.

Mkalimani sasa ni mkubwa ofisini Bukoba. Kila nikimkuta mtaani Rwamishenye namuuliza lile lile: siku ile ulimjibu nini?