Mstari wa Majivu

"Usisogee, Mama Noela! Ukisogea umekwisha!" Fulgence alipiga kelele kutoka pembeni mwa barabara, akicheka.

Lidwina alikuwa katikati ya njia panda, mkono umenyooka mbele, kiganja wazi. Kule juu, kwenye mteremko wa Matogoro, lori lilikuwa limechomoza.

Maneno ya Mzee Rupert, trafiki mstaafu aliyekuwa akiwafundisha yeye na Fulgence kusimamisha magari, yalikuwa bado ya moto masikioni mwake. "Siku hizi za biashara ruksa kila mtu ana lori, zima kwa bovu. Siku ya maandamano ya Ekaristi madereva watawajaribu. Sasa mimi naenda kuazima lori popote, niwajaribu kwanza. Nitapiga honi, nitawapungia mtoke, nitawatukana mpaka mama zenu. Msiogope. Nitasimama hapa." Akamwaga majivu, mstari ukakata barabara hatua chache mbele ya pale walipotakiwa kusimama. "Atakayesogea, siku hiyo atalinda baiskeli kanisani." Akapanda baiskeli yake, huyo, mjini.

Lidwina hakutaka kulinda baiskeli. Noela wake, wa komunyo ya kwanza, ndiye angetangulia maandamano na kikapu cha maua. Njia panda hii asingemwachia mtu mwingine, na Fulgence ndiyo kabisa.

Lori likashuka. Honi ikalia, haikukatika.

"Ee, Mzee hana mchezo! Kapakia na tumbaku!" Fulgence akapiga makofi.

Jua lilikuwa limepiga kioo, uso wa dereva hauonekani. Mkono tu ndio uliotoka dirishani, ukapunga: toka, toka! Lidwina akakaza magoti. Punga tu, Mzee, ulishatuambia.

Lori likayumba, likakwaruza ukingo wa barabara, udongo ukaruka. Harufu ya breki zilizoungua ikamfikia Lidwina puani. Makofi yakakoma, Fulgence alikuwa ametumbukia mtaroni.

Likavuka mstari wa majivu.

Miguu ya Lidwina ilitaka kukimbia. Lakini alimhisi Noela nyuma yake, na kikapu chake, kana kwamba yupo kweli. Akafumba macho. Mkono hakuushusha.

Ukingo ukakwaruzwa tena, kwa kishindo. Kisha kimya.

Kitu cha moto kilikuwa kimegusa kiganja chake. Akafumbua macho: pua ya lori, inafuka moshi.

"Nimefaulu, Mzee?" Alicheka huku machozi yanamtoka. "Shuka basi umwone mwanamke!"

Dereva hakushuka. Alikuwa ameulalia usukani, mabega yanatetemeka.

Nyuma ya Lidwina kengele ya baiskeli ikalia. Mzee Rupert akashuka, anafuta jasho.

"Mnisamehe, wanangu, nimewangojesha bure. Nimezunguka mji mzima, lori nimekosa. Mtihani tutaufanya kesho."