Wimbo wa Kunieda

"Leo wimbo wa Kunieda hatupigi," alisema mzee wa ngoma. "Besiboli ya mtoano hii, na mtu anashika gongo kama anafukuza nzi!"

"Lakini mzee, ndiye mdakaji wetu. Mipira mikali yote anaizuia kwa kifua."

"Kifua hakileti pointi, binti. Shusha tarumbeta."

Katika jukwaa lile la mashabiki wa Osaka kila mchezaji alikuwa na wimbo wake wa kushangiliwa akienda kupiga, hata aliye mbovu. Kunieda alipotoka kwenda kupiga, binti aliilaza tarumbeta mapajani. Mashabiki wote wakanyamaza, hata njumu zake zikasikika zikikwaruza udongo.

Alisimama kidogo, akisubiri. Kisha akaenda. Bega la kushoto lilikuwa limelegea, pale mpira ulipomgonga akiuzuia.

Mara tatu akapiga hewa, akatolewa.

"Si nilisema?" mzee akacheka.

Kunieda akavua kofia, akaligeukia jukwaa lao, akainama hadi kiunoni, kama afanyavyo kila mechi kuwashukuru kwa wimbo.

Mzee akainama naye upesi, akaanza kutafuta fimbo za ngoma chini ya kiti. Alikuwa amezishika mkononi.