Mikono ya Kuongeza

"Chakula upesi, Tausi, tunawahi kwenda Matema kuposa," mumewe alisema kutoka sebuleni, mbele ya wajomba zake wawili. "Wajomba, hamjui jiko la huyu linavyotambaa. Ndiyo maana naongeza mikono."

Wajomba wakacheka.

Tausi alikuwa jikoni, mkono umezama kwenye sufuria ya maharage. Alikuwa ameyaloweka tangu jana ili leo yaive upesi, asiitwe tena kobe. Yalikuwa yamevimba, maganda yamekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Mchele wa Ipinda nao ulikuwa umeshachaguliwa, unanukia hata ukiwa mbichi.

Akanyoosha mkono kuchukua kiberiti. Akaurudisha.

Muda si muda aliweka hotpoti mbili mezani. Akawanawisha wageni mmoja mmoja, mumewe wa mwisho, kwa adabu zote.

"Leo umejitahidi!" mume alisema, akafunua.

Mchele mkavu. Katika ya pili, maharage mabichi yanachuruzika maji.

"Kazi ndefu nimeshaimaliza," Tausi alisema, akijitanda mtandio wa kutokea. "Imebaki kuwasha moto tu. Mkifika Matema, mwambieni bi mdogo aje na hiyo mikono."