Kisima Kilichosingiziwa

"Kile hukauka," alisema Mrisho, akinyoosha fimbo kuelekea kisima ambacho hakikukauka hata mwaka ule wa njaa kubwa. "Jua likikaza, unakuta tope na vyura tu."

Hassani, mkalimani, akayageuza maneno yale kwa Kijerumani. Mdachi mpima reli akaandika kwenye daftari lake, kisha akauliza swali lile lile alilokuwa akiuliza tangu Mpwapwa: maji mengine yako wapi?

"Kwangu," akajibu Mrisho. "Kisima changu hakijui kiangazi."

Basi ndivyo alivyomuuza nduguye mchana kweupe, bila hata kukohoa. Kisima alichokisingizia kilikuwa cha Matonya, na Matonya hakuwa jirani tu. Miaka ishirini nyuma walichanjana vifuani, wakala ini la mbuzi lililopakwa damu zao, wakaapa kwamba atakayemdhuru mwenzake, ini lile limgeukie sumu. Matonya, Mgogo wa pale, ndiye aliyempa Mrisho kiwanja, wakachimba pamoja kisima, akamwambia: "Siku ukichoka na njia, njoo ukae hapa."

Na njia ilikuwa imemchosha kweli. Miaka thelathini Mrisho alikuwa kirangozi, mtu wa mbele, akiwaongoza wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kurudi. Sasa magoti yalimuuma kila akiinama kusali. Uzee wake alikuwa ameupanga mapema: atatulia kisimani na mkewe Mwanne, misafara itapita, wapagazi watakunywa na kula, naye ataishi kwa njaa yao. Lo! Reli ikafika Morogoro, na wapagazi wakaanza kutoweka. Uji angemuuzia nani, fisi?

Ndipo aliposikia kwamba reli inakuja Dodoma na kuendelea hadi Tabora, na kwamba stesheni zitajengwa penye maji. Gari zima la watu wenye njaa, wateremke mlangoni kwake! Upande ule visima vya maana vilikuwa viwili tu, chake na cha Matonya, na stesheni ilikuwa moja. Mdachi alipomwita amwonyeshe maji, Mrisho alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Baba Stara, kiapo si mchezo," Mwanne alimwambia. "Ulikula ini."

"Ini nililila, sasa nataka kula wali. Matonya ana ng'ombe. Mimi nina nini? Haya magoti?"

Mwanne akaachia hapo, akarudi kwenye kinu chake.

Mdachi alikaa siku mbili kisimani kwa Mrisho. Alishusha kamba, akapima, akachotesha, akangoja maji yapande, akapima tena. Hakuuliza kama kuna kuku. Hakuuliza unga, wala kivuli cha abiria kupumzikia. Alitaka kujua maji tu.

"Ana akili yule," Mrisho alisema. "Anajua mtu huanza na kiu."

Vigingi vikapigwa, na mwaka uliofuata reli ikaja. Muda wote huo Mrisho alimkwepa Matonya. Akisikia yuko njiani anakuja, yeye huyo, anatokomea porini kutafuta kuni. Angemtazamaje usoni?

Siku ya gari la kwanza, Mwanne alipika chungu kikubwa cha uji wa uwele, akachemsha kuku watatu. Mrisho akavaa kanzu yake ya Idi. Moshi ukaonekana, ardhi ikatetemeka, na gari likasimama pale pale kisimani, kama alivyoomba kwa Mungu.

Hakuteremka abiria hata mmoja. Fundi akaruka chini, akatumbukiza mpira mnene kisimani, na gari likaanza kunywa. Likanywa, likanywa, Mrisho amesimama na bakuli la uji mkononi akisikia maji yake yakipanda. Likanywa mpaka mpira ukakoroma tope, kisha likapiga filimbi na kwenda zake. Kesho yake likaja jingine. Siku ya tatu askari wakazungushia kisima uzio, wakasema maji ni ya reli na atakayeyagusa atachapwa.

Mwanne akauweka mtungi mtupu mbele ya mumewe. "Nenda."

"Niende wapi?"

"Unapajua."

Mrisho akajitwika mtungi begani, mwanamume mzima, akaenda. Hassani hakuwa mtu wa kuficha neno, kwa hiyo Matonya alikwisha kujua yote, hilo halikuwa na shaka. Njia nzima Mrisho alijiandaa kwa matusi, hata kwa mkuki. Aliona aibu. Na zaidi ya aibu, aliogopa kunyimwa maji, maana kwingine kwa kuyapata hakukuwapo.

Matonya alikuwa ameketi mlangoni pa tembe lake. Alipomwona mgeni alisimama, akamjia mbio, akamkumbatia yeye na mtungi wake.

"Mbukwa, ndugu yangu! Mbona unanikimbia? Hassani amenieleza kila kitu!" Mzee yule alikuwa akilia waziwazi. "Shemeji zangu walishaona huko Morogoro jinsi gari lile linavyonywa. Nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo nihame. Kumbe wewe, kirangozi, mtu wa safari, ulijua! Ukamwambia Mzungu kwamba changu hukauka, ukampa chako!"

Matonya akampokonya mtungi, akageuka kuwaita wanawe na wajukuu waliokuwa uani.

"Njooni nyote mumwamkie baba yenu," alisema. "Huyu ndiye aliyeyatoa maji yake ili sisi tunywe."