Ruhusa ya Mwaka wa Sita

Mume aliisoma barua mara ya pili mbele ya meza ya mkewe, kidole kikifuata maneno. "Tunasikitika kukujulisha kuwa ombi lako la uhamisho halikukubaliwa." Mwaka wa sita huu, maneno yale yale, hata nukta haijahama.

Mkewe, mhazili wa mkuu, alikuwa amekikalia kiti chake kama kimejaa miiba.

"Hizi PP ni za nini?" mume aliuliza. "Kwenye bahasha zipo, kwenye sahihi zipo."

"Za kwenye bahasha, ada ya posta imeshalipwa. Za kwenye sahihi, nimetia mimi kwa niaba ya mkuu. Barua karibu zote natia mimi."

"Yaani unakataliwa, halafu unajiandikia mwenyewe."

"Ndiyo kazi yangu."

Mume alicheka bila furaha. Safari hii alikuwa na hakika ya kuondoka naye. Asubuhi alikuwa ameshamfungia sanduku kule chumbani alikopanga mkewe, bila kumuuliza. Akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, pale pale anapomshika siku zote.

"Simu zangu hupokei. Nyumba imekaa tupu. Huyo mzee wako hana utu hata kidogo. Naingia nikamwambie."

"Ana wageni," mhazili alisema kwa sauti. "Niachie mkono."

"Kwenye kwaya yetu PP ni kuimba kwa sauti ya chini," mume alimnong'oneza. "Na wewe shusha yako."

Akaishusha. Miaka sita alikuwa kwenye chumba hiki kisicho na dirisha, katikati ya kabati la mafaili na mlango wa mkuu, na leo alihisi kuta zinamsogelea. Akatazama saa ya ukutani.

"Basi litakuacha," alisema.

Mume aliikunja barua, akaitia mfukoni, akaondoka akiapa kwamba mwakani atauvunja mlango ule kwa bega.

Nyayo zake zilipokwisha kwenye ngazi, mlango wa mkuu ulifunguka. Mzee alichungulia, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Nyuma yake hapakuwa na mgeni yeyote.

"Mwanangu, ile ruhusa yako ya uhamisho niliyoitia sahihi juzi, umeshaipeleka? Kila mwaka natia, na kila mwaka nakukuta hapa hapa."

"Bado, mzee. Nitaipeleka."

Mlango ulipofungwa, akaitoa ruhusa chini ya kompyuta, akafungua droo ya chini kwa ufunguo na kuilaza juu ya zile tano nyingine.