Mvua ya Watu Wanne

Tangu mvua ianze kugawiwa kwa idadi ya watu waliomo nyumbani, mtu akifa kijijini Itiwa, fungu lake lilikatwa siku hiyohiyo. Shamba la Tusekile lilipata mvua ya watu wanne: yeye, mumewe Anyosisye, binti yao Subilaga, na mama mkwe, aliyelala kitandani tangu Februari, maumivu yakimtafuna mifupa. Kikongwe alikuwa ameapa kwamba hatakufa kabla mahindi hayajabeba.

Alhamisi Tusekile alimenya hindi moja, akakuta punje zimejaa maziwa. Akarudi mbio nyumbani. Mumewe alikuwa mlangoni.

"Usimwambie," Anyosisye alinong'ona. "Bado tuna maharage ya kupanda."

"Ni mama yako, baba Subilaga. Anateseka."

"Najua ni mama yangu."

Hakumzuia. Alimpisha tu, macho chini.

Tusekile akaketi kando ya kitanda na bakuli la uji. Kikongwe akamshika mkono.

"Yamebeba, mwanangu?"

Nyuma ya Tusekile, mlangoni, Anyosisye alikuwa amebana pumzi.

"Bado, mama."

Kikongwe alimtazama kwa kitambo.

"Basi nitangoja," akasema, akafungua kinywa alishwe.